Kishikwambi kianzie mwisho wa foleni

Tangu Siku ya Kimataifa ya Elimu ya tarehe 24 Januari 2025, ambayo UNESCO iliipa mada ya akili mnemba (AI), ni nadra kongamano la elimu la Afrika Mashariki kumalizika bila mtu kusimama na kusema kwamba teknolojia imekuja kuziba pengo kati ya mtoto wa Masaki, mtaa wa matajiri wa Dar es Salaam, na mtoto wa Kiteto, wilaya ya vijijini. Ukumbi hupiga makofi. Kesho yake wapinzani hujibu kwamba shule isiyo na vyoo haina haja na akili mnemba, na wao pia hupata makofi yao. Pande zote mbili zinabishania kifaa: kije au kisije, kije kingi au kichache. Naona zote zimeliacha swali lenyewe pembeni.

Ushahidi tulionao, na mwingi umetoka hapahapa kwetu, unaonyesha kwamba kifaa cha kidijitali huleta faida kubwa pale ambapo mwalimu au kitabu hakimfikii mtoto, na huongeza kidogo sana pale ambapo mwalimu na kitabu vipo tayari. Kama hilo ni kweli, basi usawa katika elimu ya kidijitali ni suala la foleni, yaani nani anapewa kwanza. Na foleni yetu tumeipanga kinyume. Tunaanza na shule yenye umeme, mtandao mzuri na mwalimu anayejua kompyuta, kwa sababu huko mradi utaonekana umefaulu upesi. Kijiji cha mbali, kituo cha elimu mbadala cha walioacha shule na darasa la watoto wasioona vinaandikiwa "awamu ya pili". Wanaoijua miradi yetu wanajua awamu ya pili ni mahali gani.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 2013 Kenya ilipata serikali mpya iliyoahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Zabuni ya mwanzo ilivunjika, mpango ukabadilishwa, na kuanzia 2016 zikagawiwa tabuleti za kutumiwa shuleni: zaidi ya vifaa milioni moja, katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Mradi ule ulisemwa vibaya kwa mengi, lakini wakosoaji husahau kwamba uliusukuma umeme hadi kwenye shule ambazo zingeusubiri miaka. Tanzania ilipita njia nyingine. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi, yaani tabuleti, walivyotumia makarani vilielekezwa kwenye elimu, mikononi mwa walimu. Ulikuwa uamuzi wa busara, kifaa kilichokwisha kulipiwa kikapata kazi ya pili. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo iliweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake, na mtu anaweza kuvisoma bila kulipa. Kila hatua katika hizi ina thamani yake. Ila ukiziangalia pamoja, zote zinajibu swali la vifaa vingapi na vitabu vingapi, na mara chache sana swali la mtoto yupi.

Mwaka 2020 ulituonyesha matokeo ya kutoliuliza swali hilo. Shule za Tanzania zilianza kufungwa Machi 17 na wanafunzi wote wakawa wamerudi mwisho wa Juni. Kenya wengi walisubiri hadi Januari 2021, na Uganda hadi Januari 2022. Masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na kwenye YouTube. Mwenye kifaa, umeme, bando na mzazi aliyesoma aliendelea na masomo kwa namna fulani. Asiyekuwa navyo alichunga mbuzi, aliuza karanga stendi, na wasichana wengine waliolewa. Mwenye nacho akaongezewa, kwa teknolojia ileile iliyosemekana itamnyanyua asiye nacho.

Sasa twende Tanga, kwa sababu huko kulifanyika jambo ambalo nadhani tumelielewa vibaya. Kati ya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2019, shindano la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto wapatao 3,000 katika vijiji karibu 170 vya mkoa huo, kwa ushirikiano na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Fedha za zawadi zilitoka kwa Elon Musk, na vishikwambi vilitoka Google. Timu tano kutoka nchi mbalimbali zilileta kila moja programu yake ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila mwalimu na bila intaneti. Hali ya kuanzia ilikuwa ya kusikitisha: asilimia 74 ya watoto hao waliripotiwa hawajawahi kuhudhuria shule, asilimia 80 hawajawahi kusomewa chochote nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, kundi hilo la wasioweza kusoma hata neno moja lilikuwa limepungua kwa nusu. Wasichana walipiga hatua sawa na wavulana. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya timu mbili, Kitkit School na onebillion, na programu zikaachwa wazi ili yeyote azitumie.

Habari hii ilisimuliwa kama habari ya bilionea na kishikwambi. Mimi naisoma tofauti. Vijiji viliwekewa vituo vya kuchaji kwa nguvu ya jua, na mwanamke wa kijiji alikabidhiwa kazi ya kuvitunza vifaa na kituo. Kwa hiyo kifaa kilikuwa na mwenyewe, mtu anayejua mtoto fulani leo hajaja na kishikwambi cha fulani kimegoma kuwaka. Programu nazo zilizungumza. Mtoto asiyejua herufi hakulazimika kusoma maelekezo ili ajifunze kusoma. Sauti ilimwambia gusa hapa, sikiliza, rudia: ka, ke, ki, ko, ku. Hakuna aliyehitaji kuungwa bando. Na lugha ilikuwa Kiswahili, lugha ambayo hata mtoto anayeongea Kisambaa au Kizigua nyumbani anaisikia gulioni na msikitini. Ukitoa kioo na betri, kilichobaki ni maudhui ya Kiswahili yenye sauti, umeme usiotegemea nguzo, na mtu wa kijiji aliyepewa dhamana. Kioo na betri ndivyo vilivyopigwa picha.

Nusu iliyobaki nayo isifichwe. Baada ya miezi 15 bado walikuwepo watoto wengi wasioweza kusoma neno, na hilo linatosha kumnyamazisha anayedai kwamba mwalimu sasa anaweza kuachwa. Lakini watoto wale hawakuwa na mwalimu wa kuachwa. Kwao, kishikwambi hakikuchukua nafasi ya mtu yeyote. Inaniuma kwamba programu ya onebillion, iliyoanzia Malawi kwa Kichewa na kuthibitishwa Tanga kwa Kiswahili, ni Malawi iliyoamua kuifanya mpango wa taifa kwa madarasa ya mwanzo. Toleo la Kiswahili lipo, limejaribiwa juu ya watoto wetu, na halina gharama ya leseni.

Upande wa pili wa ushahidi unatoka Kisumu, Kenya, na anayetaka kuwa mkweli hawezi kuuruka. Miaka michache kabla ya jaribio la Tanga, mradi wa kusoma wa madarasa ya mwanzo uliojulikana kama PRIMR ulilinganisha njia tatu za kutumia vifaa: kuwapa tabuleti wakufunzi wanaozunguka mashuleni kuwasaidia walimu, kuwapa tabuleti walimu wenyewe, au kuwapa wanafunzi visomeo vya kielektroniki. Watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wa shule ambazo hazikupata kitu. Lakini walipolinganishwa na shule zilizopata mradi uleule bila kifaa chochote, yaani kitabu kwa kila mtoto, mwongozo kwa mwalimu na mafunzo kazini, tofauti haikuwa ya maana. Gharama ndiyo iliyotofautiana, na kumpa kila mtoto kisomeo kulikuwa njia ghali mno kwa faida ileile. Kenya ilijifunza. Mpango wa Tusome ulioanza kitaifa mwaka 2015 uliwekeza kwenye vitabu na walimu, na tabuleti ikabaki kwa afisa anayezunguka, imsaidie kuona mtoto anasoma maneno mangapi kwa dakika na mwalimu anahitaji msaada gani.

Wapo wanaosoma matokeo ya Kisumu na kusema yameumaliza mjadala, kwamba teknolojia ni anasa, tununue vitabu. Wapo wanaosoma ya Tanga na kusema kinyume chake. Yasomwe pamoja. Kisumu palikuwa na mwalimu darasani na kitabu mkononi. Kifaa kiliongezwa juu ya vitu viwili vinavyofanya kazi, na hakikuwa na pengo la kuziba. Tanga kifaa kiliingia mahali patupu. Matokeo hayo hayapingani hata kidogo, yanatuonyesha fedha ya kifaa iende wapi. Kama bajeti inatosha vishikwambi 100, kuvipeleka kwenye shule ya mjini yenye walimu kamili na vitabu vya kutosha ni kununua faida ndogo kwa bei kubwa.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya haya ni ya madawati na vyoo. Mzazi ambaye binti yake hukaa nyumbani siku za hedhi kwa sababu choo cha shule hakina mlango hawezi kufurahia kishikwambi, na hana sababu ya kufurahia. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya 100 katika darasa moja anahitaji mwalimu mwenzake kabla ya kitu kingine chochote. Sina jibu la kuishinda hoja hii, na naiheshimu. Ninachoweza kusema ni kwamba inaigusa foleni yetu ya sasa kwa nguvu zaidi kuliko ninayoipendekeza. Shule ya kawaida yenye upungufu ipewe choo, dawati na mwalimu kabla ya kifaa, naam. Ila wapo watoto ambao choo na dawati havitawasomesha. Mtoto asiyeona anaweza kukalishwa kwenye dawati jipya, mbele ya ubao mpya, na asipate hata mstari mmoja wa kilichoandikwa. Kwake kifaa ni sawa na chaki.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ninayoisikia sana kutoka kwa watu wa mjini, kwamba simu janja zimeenea, kila nyumba ina moja, kwa hiyo pengo litajifunga lenyewe na Serikali isijisumbue. Anayesema hivyo ahesabu saa. Simu ya nyumbani ni ya baba. Inatoka naye alfajiri, inashinda kwenye pikipiki au sokoni, inarudi usiku ikiwa na chaji kidogo na bando limekatika saa kumi. Ikifika nyumbani, anayeipata kwanza ni kaka mkubwa. Binti yuko jikoni anakoleza moto. Akimaliza kuosha vyombo simu iko kwenye chaji kwa jirani mwenye sola. Nyumba nyingine simu ni kitochi. Na hata pale ambapo binti ameipata, ameipata kwa dakika 10 za saa nne usiku, akiwa na usingizi, mbele ya video iliyotengenezwa kwa Kiingereza cha Marekani. Tukihesabu simu kwa kaya tutaona usawa usiokuwepo. Tukihesabu dakika za mtoto mmojammoja, tutauona ukweli, na tutaona una jinsia.

Kuhusu watoto wenye ulemavu, nimewahi kukaa siku nzima kwenye shule moja ya sekondari yenye kitengo cha wanafunzi wasioona. Kitabu kimoja cha kiada kikigeuzwa kuwa nukta nundu (Braille) kinakuwa majuzuu kadhaa mazito, kwa hiyo wanafunzi walikuwa wakisubiriana, huyu akimaliza juzuu la pili ndipo mwenzake alianze. Kijana wa kidato cha pili alikuwa ameazimwa simu ya mwalimu wa kitengo, ameisogeza sikioni, kisoma-skrini, yaani programu inayosoma maandishi kwa sauti, kimewashwa. Sauti ilikuwa ya Kiingereza, ikisoma notisi za Kiswahili, na neno "mmeng'enyo" likatoka limekatikakatika hata mimi ninayeona sikulitambua. Mwalimu hakuwa anajua kwamba sauti ya Kiswahili ipo, inapakuliwa kwenye mipangilio ya simu ileile. Tukaipakua kwa bando la siku. Kijana akasikiliza mstari mmoja, akainua uso, akasema, "Mwalimu, sasa inaongea." Kisha tukafungua kitabu cha kiada ambacho mtu alikituma kwa WhatsApp. Kilikuwa kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Kisoma-skrini husoma maandishi, si picha; simu ilitaja jina la faili, ikanyamaza. Kwenye ofisi ya jirani palikuwa na kabati la vishikwambi, kufuli juu yake, vikisubiri chumba cha kompyuta kikamilike.

Kila kilichomkwamisha kijana yule kina dawa, na dawa zenyewe si ghali. NVDA, programu inayoisomea kompyuta kwa sauti, ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, haiuzwi, na inakuja na sauti inayosoma Kiswahili; ni ya kimashine, lakini inaeleweka. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania na Kenya zote zimejiunga nao, unafungua njia ya kugeuza kitabu kuwa nukta nundu, sauti au maandishi ya kidijitali bila kusubiri ruhusa ya mwenye hakimiliki. Thika, kwenye shule ya wasioona, shirika la inABLE limekuwa likifundisha kompyuta kwa kisoma-skrini kwa zaidi ya miaka 10. Nairobi, kampuni ya eKitabu imetengeneza hadithi za watoto kwa video za Lugha ya Ishara ya Kenya, kwa sababu kwa mtoto kiziwi hata kitabu cha Kiswahili ni kitabu cha lugha ya pili. Kinachokosekana ni amri moja ndogo kwenye mikataba ya uchapaji, kwamba mchapishaji anayeuza kitabu cha kiada kwa Serikali akabidhi na faili la maandishi yanayosomeka kwa mashine, na asiyekabidhi asilipwe. Kompyuta zote za mchapishaji tayari zina faili hilo. Hakuna mtu anayeandika kitabu kwa kukipiga picha.

Ndiyo maana mazungumzo ya akili mnemba, au akili unde kama wasemavyo wengine, hayanitii hofu wala hayanipi matumaini makubwa kwa namna yanavyoendeshwa sasa. Mifumo hii imefunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, na ndiyo maana inamhudumia kwanza mwanafunzi wa shule ya mchepuo wa Kiingereza aliyezoea kuandika maswali marefu kwenye kompyuta yake. Ikiachwa ifuate mkondo, itamwongezea huyo. Lakini sehemu moja ya teknolojia hii inamfaa mtoto wa mwisho wa foleni kuliko wote, nayo ni sauti. Mashine inayomsikia mtoto akisoma kwa Kiswahili na kumwambia amekosea silabi ipi ingekuwa Tanga ya pili. Kazi ya msingi imeanza. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za watu wa kujitolea wanaosoma sentensi za Kiswahili. Ila mashine iliyozoea sauti za watu wazima wa mjini itamsikia vibaya mtoto wa miaka saba wa Handeni, Tanga, na itamhesabia makosa lafudhi yake. Fedha za umma za akili mnemba zikienda kukusanya sauti za watoto wa vijijini, kwa ridhaa ya wazazi wao, zitakuwa zimefanya kazi ambayo hakuna kampuni ya biashara itakayoifanya kwa hiari.

Mpangilio huu una gharama ya kisiasa, na sipendi kuificha. Shule ya mwisho wa foleni haina barabara ya kupitisha msafara wa uzinduzi. Matokeo yake yatachelewa, na wastani wa kitaifa hautatikisika mwaka wa kwanza. Mkurugenzi wa halmashauri atakayepeleka vishikwambi kwenye kitengo cha wasioona na kwenye kituo cha elimu mbadala cha mabinti waliorudi masomoni baada ya kujifungua ataulizwa na madiwani kwa nini shule kubwa ya kata imerukwa. Ni lazima awe na waraka mkononi unaomlinda, unaosema kwa maneno ya wazi kwamba kifaa cha kwanza kinakwenda kwa mtoto asiyefikiwa na mwalimu wala kitabu, na kwamba bajeti ya kila kifaa ina fungu la sola, fungu la maudhui ya Kiswahili yanayofanya kazi bila intaneti, na posho ya mtu wa kijijini anayekitunza. Bila posho hiyo tutajaza makabati.

Vishikwambi vya sensa ya 2022 vinazeeka. Betri zinachoka, vioo vinapasuka, na kabla ya muda mrefu itatangazwa zabuni ya kuvibadilisha. Siku hiyo wengi wataangalia bei na idadi. Mimi nitafungua kiambatisho cha mgawanyo, niangalie ni shule ipi imeandikwa ya kwanza.